Nyota Zenye Mikia Juu ya Newala

Mama Glory alikuwa na furaha isiyo na adabu. Watu wazima wa kijiji cha Chiungutwa, Masasi, hufurahi kwa sababu zinazoeleweka: korosho imepata bei, mtoto amefaulu, mvua imekuja siku iliyotakiwa. Yeye alifurahi kwa sababu sayari ya Mshtarii ina miezi minne inayoonekana kama punje za mchele zilizopangwa mstari. Usiku wa kwanza alipoiona, alipiga kigelegele peke yake uani, khanga imefungwa kifuani, na jirani yake akaja mbio na kuni mkononi kuuliza nani amejifungua.

Jina lake la ubatizo ni Winfrida. Ni Mmakua, mjane, ana mikorosho ya kumtosha na binti mmoja, Glory, anayefanya kazi Dar es Salaam. Binti huyo ndiye aliyeleta balaa lote. Alimuuliza mama yake anataka zawadi gani, akitegemea kusikia friji, mama akasema darubini. Glory akadhani simu ina mikwaruzo, akauliza tena. Mwishowe akaipata moja ya mtumba, pipa jeusi linalomfika mtu kiunoni, lenye kioo cha duara kilichokaa chini kabisa kama maji kisimani. Likapakiwa kwenye basi hadi Masasi, na kutoka Masasi likaja kwa bodaboda likiwa limefungwa kwenye godoro.

Tangu hapo Mama Glory alikuwa hashikiki. Aliona Zuhura ikiwa imemegeka kama mwezi mchanga. Aliona pete za Zohali, na siku hiyo alikaa chini vumbini akacheka mpaka akapaliwa. Akajifunza kwa simu yake habari za setilaiti, vile vyombo vilivyorushwa na binadamu ambavyo hupita juu yetu jioni jua likishazama, vikimeremeta kwa mwanga wa jua ambalo sisi huku chini hatulioni tena. Akawa hakosei. Nyota humetameta, sayari hutulia, setilaiti hutembea kimya bila kuyumba, ndege huwasha na kuzima taa yake kama mtu mwenye kujionyesha. Kwa ufupi, hakukuwa na kitu angani cha kumbabaisha Mama Glory. Aliyembabaisha alikuwa hapa hapa chini, tena na mashine ya salfa mgongoni.

Huyo ni Bartholomayo, Baba Dickson, Mmakonde wa Newala. Kila mwaka, mikorosho ikianza kuchanua, aliteremka kutoka kwao kwenye uwanda wa juu akawa anawapulizia watu mashamba yao salfa, ule unga wa manjano wa kuzuia ukungu, kwa malipo, na msimu mzima alionekana wa manjano, kuanzia kofia mpaka kope. Naye alikuwa mjane, na watoto wake walikwishajitegemea. Kwa Mama Glory alikuja kila msimu, na kwa kuwa huyu ni Mmakua na yule ni Mmakonde, walikuwa watani.

Sasa utani wa kwetu si mchezo wa kitoto. Mtani anaweza kuingia kwako akala chakula chako akasema hakina chumvi, na wewe unacheka. Anaweza kukuta una msiba akachukua sanda akasema hatoi mpaka apewe kuku, na wewe unamtafutia kuku. Mtani hanuniwi. Mtani haombi radhi. Na mtani wa kiume humwita mtani wake wa kike mke wangu asubuhi, mchana na jioni, mbele ya padre na mbele ya mwenyekiti wa kijiji, na hakuna hata mbuzi anayegeuka kumtazama.

Kwa hiyo Bartholomayo alimwita Mama Glory mke wangu kwa miaka, akipiga kelele kuushinda mngurumo wa mashine. Darubini ilipofika aliiita mzinga, akasema Wamakua kwa uvivu wao wameamua kufuga nyuki wanaokaa mbali ili wasiumwe. Mama Glory naye hakukaa kimya. Alimwambia watu wa juu huko Newala maji huyasikia redioni, na kwamba salfa ile ndiyo kuoga kwake. Wakacheka, wakalipana, mwaka ukapita.

Ila msimu huu kulitokea jambo. Asubuhi moja Bartholomayo alikuwa katikati ya shamba, wingu la manjano limemzunguka, Mama Glory amesimama mbali kidogo na leso puani. Ghafla mashine ikanyamaza. Bartholomayo akatoka kwenye vumbi, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba msimu ukiisha angependa kuhamia kwake, ikiwa yeye ataona inafaa. Kisha akavuta kamba, mashine ikanguruma tena, akapotea kwenye mikorosho.

Mama Glory alimrushia bibo kavu, tunda la mkorosho, kama desturi inavyotaka. Lakini mkono ulikuwa umelegea, na bibo halikufika popote.

Usiku ule Zohali ilimpita bila kuangaliwa. Aliwaza kwa nini Bartholomayo ameizima mashine. Miaka yote hakuwahi kuizima kwa ajili ya tusi. Kama anatania, basi vizuri, tutacheka. Na kama hatanii? Mama Glory alijikuta anatabasamu gizani hadi mashavu yakamuuma, na hapo akajua yuko kwenye taabu. Alimtaka. Alimtaka mtu yule wa manjano, na kelele zake, na mdomo wake usio na breki. Lakini angeuliza vipi? Akisema ndiyo, kumbe mwenzake alikuwa anatania, habari ingepanda kilima mpaka Newala kabla ya jogoo kuwika, na Wamakonde wangeicheka kwa vizazi vitatu. Wangekuwa na haki kabisa, maana ndivyo utani ulivyo. Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha, ila hawakusema mtu atajuaje mzaha umeisha saa ngapi.

Basi ulipokuja mwaliko, aliupokea kwa mikono miwili. Bartholomayo alimwambia, mashine ikinguruma, kwamba dada yake mkubwa Paulina anataka kuuona mzinga huo, na kwamba kwao Newala, ukingoni mwa uwanda ambako ardhi inakatika kuelekea bonde la Ruvuma, anga linaanzia miguuni. Mama Glory akapiga hesabu zake. Angekwenda awatazame ndugu. Wakimpokea kama mtani, basi ni utani, atarudi zake na darubini yake. Wakimchinjia kuku, ni jambo lingine.

Akapanda gari Masasi ameikumbatia darubini kama mgonjwa anayepelekwa hospitali, akafika Newala adhuhuri, upepo baridi wa huko ukimpiga vumbi usoni. Akamwamkia Paulina shikamoo, akaitikiwa marahaba, na kabla hajaketi wapwa wa Bartholomayo wakamnyang'anya kiatu kimoja wakakipandisha juu ya paa, wakasema hakishuki mpaka awaletee nyota. Moyo ukamwanguka. Utani. Kisha akasikia kuku analia nyuma ya jiko, mara akanyamaza. Moyo ukapanda. Akala kuku yule mguu mmoja ukiwa peku, na hakujua kabisa asimame upande gani. Alitaka kucheka na kutaka kulia, akamaliza kwa kuomba mchuzi mwingine.

Wakati anakula, Bartholomayo aliiona darubini imeegemezwa ukutani imejaa vumbi la safari. Nia yake ilikuwa njema, nataka hilo lieleweke. Alichungulia ndani ya pipa, akakiona kioo kule chini kimepauka, akaona aibu mgeni wake kuonyesha watu kitu kichafu. Mtu wa mahali pengine angechota maji. Lakini huyu amekulia Newala, ambako maji hutoka kwa zamu na ndoo iliyojaa huangaliwa kwa heshima, na huko mtu hafui kinachoweza kukung'utwa. Akachukua tambara lake mwenyewe mfukoni, akalifunga kwenye ncha ya fimbo kama mtu anayesafisha gobore, akalizamisha, akasugua kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, mpaka akaridhika. Tambara hilo ndilo alilofutia mashine ya salfa tangu msimu ulipoanza.

Jua likazama. Ua ukajaa ndugu wamejifunga vitenge na masweta. Bartholomayo akasema mwenye nyumba ndiye wa kwanza kuangalia, akaigeuza darubini mwenyewe kwenye nyota kubwa iliyong'aa juu ya miembe, akainama.

Alipoinuka, alitangaza kwamba amegundua nyota yenye mkia.

Ndugu wakapiga makofi. Paulina akaangalia, akathibitisha: mkia upo, mrefu, tena miwili, mmoja mbele na mmoja nyuma, kama nyota isiyojua inakwenda wapi. Wapwa wakapanga foleni. Bartholomayo akasema nyota hiyo itaitwa Newala, na ya pili ikipatikana itaitwa Masasi, ila iwe ndogo. Akageuza pipa kwenye nyota nyingine. Nayo ina mkia. Akageuza kwenye ya tatu, na hapo akaanza kuruka kama mtoto, kwa sababu nayo ilikuwa na mikia miwili, na mtu aliyegundua nyota tatu za namna hiyo jioni moja, kabla ya chakula, si mtu wa kupulizia korosho tena. Mmoja wa wapwa alikwishaanza kutafuta namba ya redio.

Mama Glory alicheka nao, kwa sababu furaha ile ilikuwa ya kuambukiza, kisha akainama mwenyewe. Aliiona Mshtarii, yake mwenyewe, anayoijua kama kiganja chake, imechomwa mshale wa mwanga ubavuni ukatokea upande wa pili. Akahamia nyota nyingine. Mshale ule ule, umeinama vile vile. Akaelewa papo hapo kwamba ubaya hauko angani. Akaomba tochi, akamulika ndani ya pipa, na kule chini, kwenye kioo alichokikinga hata na pumzi yake, akaona michirizi ya manjano.

Akauliza nani ameingiza kitu humu ndani. Hakupaza sauti. Ndugu wakaangaliana, kisha wote wakamwangalia mtu mmoja, maana Newala yote jioni ile hakukuwa na mwingine wa rangi hiyo.

Nao wakasubiri utani. Ilikuwa nafasi ya dhahabu. Bartholomayo angeweza kusema kwamba amempa Mmakua nyota zenye mikia bure na bado hashukuru, watu wakavunjika mbavu, na Mama Glory, kwa sheria ya utani, asingekuwa na ruhusa hata ya kukunja uso. Wapwa walikwishafungua midomo kucheka.

Bartholomayo akavua kofia. Akaja mpaka mbele yake.

"Mama Glory," akasema, "nisamehe. Nilitaka king'ae kwa ajili yako. Nimekosa, naomba radhi."

Paulina aliweka kiganja mdomoni. Alikuwa mtu mzima, amezika na kuozesha watu wengi, na hajawahi kusikia Mmakonde akimwomba radhi Mmakua mbele ya watu. Mtani haombi radhi. Mtu anayeomba radhi amekwisha kutoka kwenye utani, kama mtu aliyevua sare.

Mama Glory naye alilisikia neno hilo. Lilimpanda kichwani likiwa limechangamka kama uraka, pombe ya mabibo, wa siku ya pili. Alitamani kupiga kigelegele. Badala yake akasema kwa ukali kwamba kioo cha namna hii hakisuguliwi, huoshwa kwa maji mengi, na kwamba kama hawana maji waseme.

Bartholomayo aliingia ndani akatoka na ndoo ya maji ya kunywa, ile ya juma zima. Paulina aliifuata kwa macho kama anayemuaga mtu. Mama Glory akafungua skrubu za kitako cha pipa, akakitoa kioo, akakilaza kwenye beseni, na Bartholomayo akamimina taratibu, na manjano ikaanza kuondoka kwa mikunjo kama moshi. Wawili hao wakawa wamechuchumaa pembeni mwa beseni, vichwa karibu kugusana. Mikwaruzo michache ilibaki, midogo kama ya kucha za paka. Isingezuia kitu.

Hapo simu ya Mama Glory ikalia. Aliitega tangu asubuhi, kwa sababu kituo cha anga, kile kikubwa wanakoishi watu, kilikuwa kinapita juu ya kusini yote jioni ile, na ndicho alichokusudia kuwapa wapwa ili wamrudishie kiatu. Akawaelekeza watazame upande wa Masasi, waone nyota inayotembea. Wote wakakimbilia ukingo wa ua, Paulina mbele, kitenge mkononi.

Wawili wakabaki na beseni.

"Siku ile shambani," Mama Glory akasema, akiangalia maji, "mbona ulizima mashine?"

"Ili unisikie."

"Nilikusikia."

"Ukanirushia bibo."

"Halikufika."

"Ndiyo maana nimekuwa na matumaini," akasema Bartholomayo, na kope zake za manjano zikawa zinapepesa kama za mtu aliyeingiwa na mchanga.

Kule ukingoni kelele zilianza. Wameiona. Inatoka juu ya giza, nyeupe, kimya, haina haraka wala haichelewi, na wapwa wanaihesabia hatua. Ndani yake kuna watu wanakunywa chai, mmoja akasema, na mwingine akabisha kwamba chai haiwezi kukaa kwenye kikombe. Paulina alikuwa anaipungia mkono.

Mama Glory alikuwa na swali moja, na lilimtisha kuliko yale yote ya kwanza. Aliuliza, yeye akikubali, Bartholomayo ataacha kumtania?

Bartholomayo alifikiri kwa makini, kama mtu mwenye kutaka kujibu sawasawa. Akasema anadhani ndivyo inavyopasa, mke huheshimiwa, hatukanwi.

"Basi sitaki," akasema Mama Glory. "Nimezoea. Nani atanitukana Chiungutwa nzima nikacheka? Ukija uje na mdomo wako, la sivyo ubaki huku huku na ukame wenu."

Ilikuwa kweli tupu. Bartholomayo alimtazama. Kisha uso ukamfunguka wote, akacheka cheko la tumbo lililomwangusha kitako chini, akasema atakuja, atakuja na mdomo, na mashine, na hata tambara akitaka. Mama Glory akasema tambara libaki. Akacheka naye, wakacheka mpaka maji ya beseni yakawa yanatikisika, watu wawili wenye watoto wakubwa, na juu yao kituo cha anga kikapita, kikavuka utosi wa Newala, kikaingia kwenye kivuli cha dunia upande wa Ruvuma na kuzimika.

Paulina akarudi anahema. Alikuwa hajawahi kuona kitu kama kile. Akamshika mgeni wake bega.

"Umeiona, Mama Glory? Ilivyopita?"

"Nimeiona, dada," akasema Mama Glory.

"Mwongo," akasema Bartholomayo kutoka pale chini alipoangukia. "Wamakua wamezaliwa na uongo mdomoni. Hakuinua hata shingo. Alikuwa ananitazama mimi."

Ua wote ukageuka. Mama Glory alihisi furaha inamjaa hadi masikioni. Akakiweka kioo pembeni salama, juu ya kitenge, akainua beseni kwa mikono miwili na kummwagia Bartholomayo yote kichwani, maji na salfa na kila kitu, na Paulina akapiga ukunga uliosikika mitaa mitatu, akiyalilia maji.